Piga Picha kwa Kalenda ya Mvuvi: Mwongozo wa Wanyama na Ndege wa Unguja na Pemba

Watu wanaotaka kwenda kupiga picha za kima punju, yule kima mwekundu wa Unguja, au popo wa Pemba huniuliza kwanza wanunue kamera gani. Mimi huwauliza leo mwezi ngapi. Si Julai wala Agosti. Mwezi mwandamo, ule ule tunaoutazamia Ramadhani ikikaribia. Mnyama wa visiwani hula, huhama na hulala kwa kufuata maji na giza, na vyote viwili vina tarehe zake. Ukiifikisha kamera ya mamilioni Chwaka, pwani ya mashariki ya Unguja, saa sita mchana, maji yakiwa yameshakimbilia huko mbali, utarudi na picha ya matope yenye nukta nyeupe. Mwenye simu aliyefika kwa saa yake atakuonyesha yangeyange mpaka kucha za miguuni.

Njia ninayoieleza hapa ni ya siku saba hivi, nne Unguja na tatu Pemba. Ukiwa na siku chache, punguza mahali, usipunguze asubuhi.

Hatua ya 1: Hesabu maji kabla ya kukata tiketi

Chukua kalenda ya Kiislamu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani kuanzia tarehe mosi na kuanzia tarehe 15, ni bamvua: maji hujaa sana na hukauka sana, na tofauti ya kimo hukaribia mita 4. Katikati, tarehe 7 au 8 na tarehe 22 au 23, ni maji mafu, bahari haiendi mbali wala haiji juu. Kwa Zanzibar, siku za bamvua maji hujaa kwenye saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, na hukauka kwenye saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kiasi cha dakika 50. Tunaweza kubishana mwezi umeonekana au haukuonekana; bahari haisubiri tangazo. Kwa hiyo hesabu kwa vidole, kisha hakikisha kwa jedwali la maji au kwa mvuvi yeyote pwani.

Faida yake ni hii. Tarehe 5 au 19 ya mwezi, maji hujaa karibu saa 1 asubuhi na tena karibu saa 1 usiku. Maana yake siku moja hiyo hiyo utaikuta mikoko ya Pete, jirani na msitu wa Jozani, imesimama ndani ya maji wakati jua bado laini, na jioni utawakuta ndege wa Chwaka wanasukumwa na maji kuja upande wako. Mimi hujenga safari nzima kuizunguka siku hiyo, mengine yote nayapanga kabla au baada.

Upepo nao una neno. Masika, Machi hadi Mei, msitu ni mzuri lakini mvua itakuchosha. Kusi, Juni hadi Septemba, hewa ni baridi kidogo na kavu ila bahari huchafuka. Kaskazi, Desemba hadi Februari, ni joto, bahari imetulia zaidi, na ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia bado wako ufukweni. Huwa nasi kuanzia Septemba hadi Aprili hivi.

Hatua ya 2: Begi

Lenzi moja ndefu inatosha: ya milimita 70–300 au 100–400. Ongeza ya kawaida ya 35 au 50 kwa ajili ya msitu wenyewe na watu. Mwenye simu tu asikate tamaa. Anunue darubini ya mkononi, aubandike uso wa lenzi ya simu kwenye jicho la darubini, mkono utulie. Picha itakuwa na duara jeusi pembeni, ikate baadaye.

Tripodi ni ya usiku tu. Mchana msituni inakwama kwenye mizizi. Badala yake mimi hununua kilo moja ya choroko sokoni Darajani, naishonea kifuko cha kitambaa, nakilaza juu ya kisiki au ukingo wa boti, na lenzi naiegemeza hapo. Safari ikiisha choroko zinapikwa kwa nazi.

Chukua kikoi cha kufunikia kamera kwenye mashua, mfuko mgumu usioingia maji (mifuko ya kawaida ya plastiki imepigwa marufuku, usije nayo), kopo lenye kifuniko kinachobana pamoja na zile paketi ndogo za kunyonya unyevu, betri mbili za akiba, na tochi iliyofungwa kipande cha kitambaa chembamba chekundu. Droni iache nyumbani. Inataka vibali, na juu ya mti wa popo ni maafa.

Hatua ya 3: Iache kamera izoee hewa

Hii ni fupi lakini imenigharimu. Nililala chumba chenye kiyoyozi, alfajiri nikatoka mbio na kamera mkononi, na mbele yangu alikuwapo kulukulu amekaa tawini chini kabisa, mabawa mekundu yanaonekana. Lenzi ilikuwa nyeupe kwa ukungu. Nikafuta, ikarudi. Nikafuta tena. Ndege akaruka, mimi bado nafuta.

Kamera yako ilale nje ya kiyoyozi, au ikae ndani ya begi lililofungwa nusu saa baada ya kutoka chumbani. Jioni ipanguse kwa kitambaa kilicholowa maji matamu kidogo, si kikavu, maana chumvi kavu hukwaruza. Kisha ndani ya kopo na paketi zake. Lenzi iliyosahauliwa kabatini masika nzima huota kuvu ndani ya vioo.

Hatua ya 4: Jozani, asubuhi mbili

Jozani ni kiasi cha kilomita 35 kutoka mjini. Daladala ya Jambiani (309) au ya Makunduchi (310) itakushusha mlangoni. Tangu 2004 ni Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Siku moja kabla, pita au piga simu uulize wanafungua saa ngapi na kama mwongozaji anaweza kuwahi. Lipa getini, ukatiwe risiti.

Kwa nini asubuhi mbili? Ya kwanza ni ya kutazama. Kima punju wamezoea watu, na mgeni anapowaona karibu hivyo hupiga picha mia mbili kwa dakika kumi, zote za aina moja: mnyama amekaa, anatazama pembeni. Siku ya kwanza weka kamera chini, tazama wanakula mti gani. Hula majani machanga, maua na matunda mabichi. Tunda lililoiva halimfai, tumbo lake lenye vyumba haliwezi sukari ile. Ukigundua kundi linatumia mkungu fulani leo, kesho asubuhi kaa karibu na mkungu huo. Usiwafuate. Ukiwafuata utapata migongo, ukitangulia utapata nyuso.

Mahali pazuri kwa mwanga si ndani kabisa ya msitu, ni upande wa mashamba, kusini ya barabara, ambako miti ni mifupi na kima wanashuka mpaka usawa wa macho. Ndani ya msitu wako juu, nyuma yao mbingu, na kamera itakupa kivuli cheusi chenye mkia. Ikibidi kupiga kuelekea juu, ongeza mwangaza stopu moja au moja na nusu (stopu moja ni mwanga mara mbili), ukubali mbingu iungue, iwe nyeupe tupu.

Kwenye kivuli tatizo hugeuka. Uso wa kima punju ni mweusi, umezungukwa na manyoya meupe kama ya mzee, mgongo mwekundu. Kamera ikiona weusi mwingi huongeza mwangaza, na yale manyoya meupe yanapotea, yanakuwa kama pamba iliyomwagika. Punguza theluthi mbili za stopu. Aliyekaa, kasi ya shata, yaani muda kamera inapofungua jicho, ya 1/250 ya sekunde inatosha. Anayeruka, 1/1000, nawe lenga tawi analokwenda, si analotoka. ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, ya 1600 hadi 3200 usiiogope, chembechembe kwenye picha zinasameheka, mtikisiko hausameheki. Na kwa kuwa majani hutia kila kitu ukijani, weka rangi ya mwanga kwenye alama ya kivuli, au piga kwa faili ghafi (RAW) urekebishe nyumbani.

Picha ninazozipenda zaidi ni za mambo madogo. Mkono: kima punju hana dole gumba la kutajika, anashika tawi kwa vidole vinne. Hapo ndipo pa kumtofautisha na yule kima mwingine wa kijivu anayeishi msitu huo huo. Na makaa! Kima punju hula makaa, huyatafuta kwenye visiki vilivyoungua na kwenye matanuri. Watafiti wanaeleza kuwa makaa hunyonya zile kemikali kali zilizomo kwenye majani ya mkungu na mwembe, akaweza kula majani ambayo wengine hawayawezi. Ukimpata ameshika kipande cheusi mdomoni, midomo imepakaa masizi, simama hapo hapo mpaka kadi ya kamera ijae.

Masharti ya umbali fuata ya mwongozaji, na mimi huongeza hatua chache juu yake. Ukiwa na mafua au kikohozi, usiende. Maradhi yetu huwashika. Usimpe chakula, usipige mluzi. Na usiingie shamba la mtu kwa sababu kima ameingia. Jina lenyewe, punju, ni sumu. Wazee walisema mti anaoula hunyauka, na mbwa akila nyama yake manyoya humtoka. Hesabu iliyotangazwa 2017 ilionyesha wanazidi 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa, na hawapo porini popote duniani isipokuwa visiwani hapa. Lakini mkulima ambaye vidaka vyake vya nazi vimeliwa hana haja ya kusikia hilo kutoka kwa mtu mwenye lenzi. Msalimie, umwombe njia.

Ukiondoka, tembea kidogo kandokando ya barabara. Kima huvuka hapo, na yale matuta barabarani yaliwekwa baada ya wengi kugongwa. Picha ya kima na tuta inasema zaidi kuliko picha ya kima na jani.

Paa nunga yumo pia, mdogo, mwekundu, mwenye haya. Ukimwona ni bahati, usimwingilie vichakani. Na usimwulize mwongozaji habari za chui. Utapewa hadithi za chui wa kufugwa mpaka adhuhuri, nzuri ajabu, ila kadi itarudi tupu.

Hatua ya 5: Siku ya mikoko na Chwaka

Hii ndiyo ile tarehe 5 au 19. Asubuhi, njia ya mbao ya mikokoni Pete, maji yamejaa na hayana upepo. Mizizi ya mikoko na kivuli chake majini vinakutana, na mdiria hukaa tawi la chini akisubiri samaki. Ukitaka kuona ndani ya maji, ivishe lenzi kichujio cha polaraiza, kile kinachoondoa mng'ao wa maji, na ukizungushe taratibu. Ukitaka kioo cha maji, kivue. Kaa kitako juu ya mbao. Mdiria ana tawi lake, akiruka hurudi pale pale, kwa hiyo weka fokasi kwenye tawi tupu umngoje. Ukikosa tarehe ukafika maji yamekauka, piga kaa na mizizi, hapana hasara.

Alasiri nenda Chwaka. Kijiji kiko magharibi ya ghuba, kwa hiyo unapotazama bahari jua la alasiri liko mgongoni kwako na ndege wote wamemulikwa usoni. Kuanzia saa 9 maji yanapanda. Usiwaendee ndege. Tafuta ngalawa iliyolazwa mchangani, kaa kivulini mwake, tandika kikoi, weka kifuko cha choroko, na acha maji yakuletee. Saa 11 sululu, yangeyange na wale wadogo wanaokimbia kama wamechelewa skuli watakuwa hatua ishirini mbele yako, na mwanga ni wa dhahabu. Kamera iteremke mpaka karibu na ardhi. Ndege aliyepigwa kutoka juu ni mdogo na mnyonge. Aliyepigwa usawa wa goti lake ana heshima.

Akina mama wanaorudi na mwani au pweza watapita mbele ya lenzi. Hao si wanyama wa safari yako. Salamu kwanza, ruhusa pili, na jibu la hapana ni jibu.

Hatua ya 6: Pomboo na kobe, kwa haraka

Kizimkazi, kusini ya Unguja, nenda alfajiri kabisa, au usiende. Boti zikishakuwa nyingi, pomboo wanakimbizwa, nawe utapiga picha za mapezi yanayokimbia. Patana na nahodha kabla ya kushuka majini: tutazima mashine mbali, tutangoja, na sitakulalamikia wakiwa hawakuja. Niliwahi kukaa kimya nahodha mmoja alipowakata njia mara tatu ili mimi nifurahi. Picha ninazo, hazijatoka kompyutani. Julai hadi Septemba angalia na upande wa bahari kuu, nyangumi hupita.

Changuu, kisiwa kidogo mbele ya mji, ni kinyume chake, mnyama hakimbii. Wale kobe wakubwa asili yao ni Aldabra. Wa mwanzo waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Lala kifudifudi, lenzi ya kawaida, mpige jicho na mikunjo ya shingo. Saa moja yatosha. Usimkalie mgongoni hata ukiambiwa wengine hukaa.

Hatua ya 7: Vuka bahari

Kwa meli utashukia Mkoani, kisha daladala hadi Chake Chake. Begi la kamera lisiwekwe chini na mizigo, lipakate. Ukiwa sitahani, fikiri kidogo juu ya maji unayoyapita. Unguja iliungana na bara mpaka zama za barafu zilipoisha na bahari ikapanda. Pemba imezungukwa na kina kikubwa, imekaa peke yake muda mrefu mno kuliko Unguja. Ndiyo sababu Pemba ina viumbe vyake: popo wake, bundi wake, ninga wake, chozi wake. Kwa mpiga picha maana yake ni kwamba usibebe orodha ya Unguja. Anza upya.

Hatua ya 8: Popo wa Kidike

Ukiwa na jioni moja tu Pemba, itumie hapa. Kidike iko upande wa Mjini Ole, na wanakijiji wenyewe ndio walinzi. Zamani popo hawa waliwindwa wakaliwa mpaka wakakaribia kuisha. Vijiji vilipoamua kuwalinda, wakarudi. Leo wananing'inia kwa mamia, manyoya mekundu ya kahawia, uso mweusi wa mbwa, na akifungua mabawa upana wake ni kiasi cha mita moja na nusu.

Fika saa 10 alasiri. Saa za joto hujipepea kwa bawa moja kama mama mwenye upepo wa ukindu, wanagombana, wanapiga kelele, watoto wamening'inia vifuani. Sasa angalia jua liko wapi. Watu wengi huligeuzia mgongo ili popo amulikwe mbele. Matokeo yake ni mfuko mweusi mtini. Fanya kinyume. Simama ili popo awe kati yako na jua, kidogo kando, ukisubiri afungue bawa. Mwanga ukipita ndani ya ile ngozi, utaona mishipa na mifupa ya vidole vyake, maana bawa la popo ni mkono. Ongeza mwangaza stopu moja, tundu la lenzi f/5.6 au f/8, kasi 1/500. Chagua mmoja tu, mwenye nafasi wazi nyuma yake, ushinde naye. Wengi wakiwa pamoja ni uchafu machoni.

Usipige makofi. Nilikutana na mgeni aliyepiga makofi ili waruke wote, apate picha ya kundi. Walipaa, wakazunguka, kitoto kimoja kikadondoka, na picha yenyewe, jua likiwa bado kali, ilikuwa nukta nyeusi juu ya weupe. Ni bure tu. Wataruka wenyewe.

Jua likizama wanaanza kuamka mmoja mmoja, halafu kwa makundi, kwenda kwenye miembe na mishelisheli. Una dakika ishirini hivi. Sasa sahau manyoya na macho, unapiga maumbo. Pima mwangaza wa mbingu, si wa popo. 1/1000, ISO 3200, fokasi ya kufuatilia, na chagua upande wa mbingu wenye rangi. Panga mnazi mmoja au kilele cha mkarafuu chini ya fremu, usiusogeze, waache wapite. Nimepiga mara nyingi nikiwakimbiza na lenzi angani, na zote zinafanana na kunguru.

Jambo moja la adabu: dakika hizo ishirini ndizo za magharibi. Mwongozaji atataka kuswali. Elewaneni mapema: wewe utakaa wapi, yeye atarudi lini. Ramadhani usimzuie na futari yake kwa ajili ya popo; beba tende na maji, mfuturu pamoja chini ya mti.

Hatua ya 9: Ngezi usiku

Msitu wa Ngezi uko kaskazini magharibi, panda daladala ya Konde kisha malizia kwa bodaboda. Mchana utaona mivule mirefu, mpapindi, ule mti mwembamba wa jamii ya minazi ulio wa Pemba peke yake, na pengine wajukuu wa kima punju wachache waliohamishwa kutoka Unguja katika miaka ya 1970. Ninga na chozi wa Pemba watafute pembeni ya msitu, kwenye maua, asubuhi. Lakini Ngezi yenyewe ni usiku.

Panga ziara ya usiku na walinzi tangu mchana. Chagua tarehe 25 kwenda mbele, au siku za mwanzo wa mwezi: giza likiwa totoro, tochi yako ndogo inatosha na picha inakuwa na kina. Bundi mdogo wa Pemba utamsikia kwanza, sauti moja fupi, "hu", akiirudia kwa nafasi. Simameni. Mwongozaji atamjua alipo. Usimpigie sauti yake kutoka kwenye simu ili aje. Atadhani ameingiliwa na mpinzani, ataacha kuwinda. Tochi nyekundu ielekezwe kwenye shina karibu naye, si machoni, na flashi izimwe kabisa. Tripodi, ISO 6400, f/4, kasi 1/30 akiwa ametulia. Piga sita, saba, kisha zima taa mumwache. Komba naye macho yake yatawaka mbali kama makaa mawili; yeye haketi, kwa hiyo picha nyingi zitakuwa za tawi alilotoka.

Paka dawa ya mbu na uoshe mikono kabla ya kushika kamera, kwani dawa hizo hula plastiki na rangi ya lenzi. Chomeka suruali ndani ya soksi, siafu hawana simile. Na picha ya bundi, kwetu bundi ni uchuro: mwenye nyumba uliyolala usimwonyeshe asubuhi akiwa anakukaangia chapati.

Hatua ya 10: Misali

Misali ni kisiwa kidogo magharibi ya Pemba; boti hutoka Wesha. Wavuvi watakusimulia Khidhri, mtu wa Mungu, aliyetaka msala wa kuswalia. Msala haukupatikana, akasema basi kisiwa hiki kitakuwa msala wangu, na jina likabaki. Sikiliza, ni mwongozo mzuri wa namna ya kukanyaga pale.

Kasa na ng'amba hutaga Misali. Picha ya kasa akitaga usiku mimi siitafuti tena. Taa humrudisha baharini na mayai yake tumboni. Omba ruhusa ya kulala jirani ya walinzi na uamke alfajiri. Kasa ameshaondoka, ameacha njia mchangani kama tairi la trekta, kutoka maji hadi vichakani na kurudi. Jua likichomoza chini kabisa, kila mkwaruzo unatupa kivuli. Simama pembeni ya njia, usiikanyage, piga kwa lenzi pana ukianzia karibu na mguu wako mpaka bahari. Walinzi wanaihitaji alama hiyo wahesabu kiota, kwa hiyo usifute kitu.

Chini ya maji, kwa kamera yenye kasha lake au simu kwenye mfuko wa maji, sheria ni moja: sogea karibu. Maji hula wekundu kwanza. Mita tano chini, samaki mwekundu ni kijivu. Kaa juujuu, saa 4 hadi saa 6 jua likiwa juu, na mguu usiguse matumbawe. Mapezi ya kuogelea nimeyaacha boti kabisa, nilikuwa navunja vitu bila kujua.

Hatua ya 11: Kabla ya kupanda meli ya kurudi

Nakili kadi mara mbili, moja kwenye kompyuta na nyingine kwenye diski inayokaa begi tofauti. Futa picha mbovu nyumbani, si melini: kioo kidogo hudanganya. Andika jina la mnyama, kisiwa na tarehe ya mwezi mwandamo, ili mwakani ujue maji yalikuwaje. Ila bundi, paa nunga na viota vya kasa viondolee alama ya mahali kabla ya kuziweka mtandaoni, simu huiandika yenyewe usipoizima.

Kisha mtumie mwongozaji picha mbili tatu, kubwa, zisizo na jina lako katikati. Yule wa Ngezi nilimtumia komba aliyetoka nusu, mkia na mguu tu, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo. Ameiweka WhatsApp mpaka leo, na chini yake ameandika: "Mgeni wangu alichelewa."